Faili Limefika: Je, Limefika Zima?

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima. Maneno yaliyosomwa hewani yamepigwa chapa hapa ili mwanafunzi ayasome tena polepole nyumbani.

Ninyi mliokusanyika leo Nyakatuntu, na wenzenu wote wanaosikiliza katika madarasa mengine ya Kyerwa na Karagwe, kaeni vizuri. Sogezeni redio mahali ambapo aliye nyuma naye atasikia. Kila mmoja awe na daftari na kalamu. Mwalimu wa darasa asimame karibu na ubao, maana leo kuna maneno machache ya kuandika.

Somo letu la leo lahusu kompyuta. Huenda mmoja wenu anasema moyoni, "Mimi ni mkulima wa kahawa na migomba. Kompyuta yanihusu nini?" Swali hilo ni jema, nami nitalijibu kwanza.

Unapopeleka kahawa ya maganda kuuza, huridhiki na kipimo kimoja. Waipima nyumbani, na inapopokelewa yapimwa tena mbele yako. Vipimo viwili vikilingana, moyo watulia. Vikitofautiana, mwaulizana papo hapo, kabla gunia lako halijachanganywa na magunia ya watu wengine.

Sasa, tuseme kuna orodha ya wakulima 640. Kila mkulima ana mstari wake: jina, kijiji, kilo alizoleta, na fedha anazodai. Orodha hiyo imeandikwa katika kompyuta hapa kijijini, nayo yapaswa kutumwa kwa mtandao mpaka ofisi ya mjini, ambako malipo yatatayarishwa. Orodha inatumwa. Ofisini inaonekana, jina lake ni lile lile. Karani anafurahi. Lakini mtandao ulikatika katikati, na yaliyofika ni majina 480 tu. Majina 160 ya mwisho hayapo. Kwa kuwa orodha ilipangwa kwa herufi, A mpaka Z, waliopotea ni akina Tumaini, Yohana, Zainabu na Zuhura. Siku ya malipo watasimama kwenye mstari, na wataambiwa, "Jina lako halimo."

Je, nani kaiba? Hakuna aliyeiba. Gunia lilipasuka njiani, na aliyelipokea hakulipima. Ndiyo sababu somo hili lakuhusu. Leo tutajifunza kuvijaribu vyombo vinavyopeleka mafaili, na kupima kama kilichotumwa kimefika kizima.

MFUMO ENDESHI NI NINI

Kwanza tuelewane maneno. Faili ni maandishi, picha au sauti iliyowekwa ndani ya kompyuta na kupewa jina. Barua moja ni faili. Picha moja ni faili. Orodha yetu ya wakulima nayo ni faili. Kama kilo zinavyopima kahawa, baiti hupima faili. Katika maandishi ya kawaida, herufi moja huchukua baiti moja. Kwa hiyo mstari wenye herufi 50 ni baiti 50, na mistari 640 ya namna hiyo ni baiti 32,000. Fanyeni hesabu hiyo katika daftari: 640 mara 50.

Kompyuta yenyewe ni chuma na waya tu. Ili ifanye kazi yahitaji msimamizi ndani yake, anayegawa kazi, anayepokea maneno unayoandika na kuyaweka mahali pake. Msimamizi huyo huitwa mfumo endeshi. Mfumo unaoonekana katika ofisi nyingi huitwa Windows. Lakini si huo tu. Uko mwingine uitwao Linux.

Linux ilianza mwaka 1991. Mwanafunzi wa chuo kikuu cha Helsinki, huko Finland, jina lake Linus Torvalds, aliandika kiini cha mfumo huo, akawapa watu wengine bure ili waurekebishe na kuuongeza. Tangu hapo maelfu ya watu wa nchi nyingi wameufanyia kazi. Mwaka 2004 Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini alianzisha aina moja ya Linux iitwayo Ubuntu. Neno hilo ni ndugu wa neno letu utu, kama vile omuntu wa hapa Kagera alivyo ndugu wa mtu wa Kiswahili. Mwaka huo huo wa 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi ulioitwa Kilinux, kilitoa programu ya kuandikia yenye maelezo ya Kiswahili, ikaitwa Jambo OpenOffice. Kwa hiyo kazi hii si ya wageni peke yao.

Faida ya Linux kwa watu kama sisi ni hii: hainunuliwi, na ziko aina zake zinazokubali kufanya kazi katika kompyuta kuukuu. Lakini kitu cha bure nacho hupimwa. Ukipewa jembe bure, hungoji siku ya kulima ndipo uone kama mpini umelegea.

FAILI HUSAFIRI VIPI

Faili haliendi kama gunia moja. Kompyuta hulikata vipande vidogo vidogo. Kila kipande hupewa namba, na vipande hupita kwenye waya au hewani kwa minara ya simu. Kompyuta inayopokea huvipanga tena kwa namba zake. Kipande kikipotea, huombwa tena. Ni sawasawa na watu wanaohamisha matofali kwa mikono: yanayofika hupangwa, lililoanguka huletwa jingine.

Basi, kama vipande vyapangwa na kuombwa tena, kosa latoka wapi? Latoka mahali pengi. Umeme wakatika. Kifurushi cha intaneti chaisha. Nafasi ndani ya kompyuta inayopokea yajaa. Au chombo kinachotuma kimeagizwa vibaya, nacho chabadilisha faili kwa kudhani kuwa chasaidia. Hapo vipande vilivyokwisha kufika hubaki, vingine havipo, na mara nyingi kilichobaki huitwa kwa jina lile lile la faili zima. Jina zima, mwili nusu. Hiyo ndiyo hatari kubwa.

Hesabu ya mwendo nayo yafaa uijue. Tuseme mtandao wa kijijini wapitisha baiti 8,000 kila sekunde, na faili ni la baiti 12,000,000. Gawanya: 12,000,000 kwa 8,000 ni sekunde 1,500, yaani dakika 25. Mtandao ukikatika dakika ya 24, na chombo chako hakijui kuendelea kilipoishia, utaanza upya, na utalipia tena dakika zote hizo.

VYOMBO VITATU

Mwalimu, andika ubaoni majina haya matatu: ftp, scp, rsync. Ni majina ya programu. Ngojeni kidogo mpaka amalize.

Cha kwanza ni ftp. Hiki ni mzee wao. Maelezo yake ya kwanza yaliandikwa mwezi Aprili 1971 na Abhay Bhushan, mtu aliyetoka India, alipokuwa katika chuo cha MIT huko Marekani. Kimetumika miaka mingi, lakini kina kasoro moja kubwa: hupeleka neno lako la siri wazi, kama barua isiyotiwa bahasha. Aliye katikati ya njia aweza kulisoma. Mwaka 2021 programu kubwa za kufungulia kurasa za intaneti, Chrome na Firefox, ziliacha kukitumia.

Cha pili ni scp. Hiki hutumia njia iliyofichwa iitwayo ssh, iliyotungwa mwaka 1995 na Tatu Ylönen wa Finland, baada ya wezi kunasa maneno ya siri katika mtandao wa chuo chake. Kila kitu hutiwa ndani ya bahasha, na bahasha yafungwa.

Cha tatu ni rsync. Hiki kilitolewa mwaka 1996 na Andrew Tridgell na Paul Mackerras wa Australia. Nacho chaweza kupita katika njia ile ile iliyofichwa. Ujuzi wake ni kulinganisha. Kikikuta sehemu ya faili imekwisha kufika, hupeleka ile isiyokuwapo tu.

Kumbuka: anayetuma peke yake hatoshi. Kwenye kompyuta inayopokea pawe na programu inayongoja, kama vile ghalani panavyokuwa na mtu wa kupokea mzigo. Kwa scp, kompyuta inayopokea lazima iwe na programu ya ssh ya kupokea. Katika Ubuntu ya kawaida programu hiyo haijawekwa, huna budi kuiweka mwenyewe. Kwa rsync, programu ya ssh iwepo vile vile, na rsync yenyewe iwepo pande zote mbili. Watu wengi husema, "Chombo hiki kibovu," kumbe mlango wa ghala haukufunguliwa.

VIPIMO VITATU

Utajuaje kama faili limefika zima? Kuna vipimo vitatu, na kila kimoja chashinda kile kilichotangulia.

Kipimo cha kwanza ni jina. Hiki ni dhaifu. Jina laweza kufika na mwili ukabaki.

Kipimo cha pili ni ukubwa. Tazama idadi ya baiti kwa aliyetuma na kwa aliyepokea. Kama orodha ilitoka na baiti 32,000 ikafika na baiti 24,000, imekatika. Kipimo hiki ni kizuri, lakini hakitoshi. Mtu aweza kutoa kahawa gunianii na kutia mawe, uzito ukabaki ule ule.

Kipimo cha tatu ndicho kikuu. Tutakiita alama ya dole gumba. Zamani wengi wenu, kabla hamjajua kuandika, mliweka dole gumba kwenye karatasi. Kila mtu ana alama zake. Faili nalo laweza kutolewa alama yake. Iko programu inayosoma faili lote, tangu herufi ya kwanza mpaka ya mwisho, ikafanya hesabu ndefu, na mwisho ikatoa mstari wa tarakimu na herufi 64. Ukibadilisha hata herufi moja ndani ya faili, ukaandika 7 mahali pa 1, mstari huo wabadilika kabisa. Kwa hiyo, kama alama ya aliyetuma na alama ya aliyepokea ni ile ile, faili ni lile lile.

Mwalimu, andika ubaoni. Katika Linux, ukubwa huonekana kwa amri hii:

ls -l orodha.txt

Na alama ya dole gumba hutolewa kwa amri hii:

sha256sum orodha.txt

Ikiwa upande wa pili watumia Windows, amri ya alama ni hii:

certutil -hashfile orodha.txt SHA256

Programu ni mbalimbali, mifumo ni mbalimbali, lakini alama itakayotoka ni moja. Hapo ndipo uzuri wake ulipo: Linux ya kijijini na Windows ya mjini zaweza kushuhudiana.

JARIBIO LENYEWE

Sasa twende kwenye kazi. Jaribio hili halihitaji kifurushi cha intaneti hata kidogo. Kompyuta mbili zenye Linux, zikiunganishwa kwa waya mmoja wa mtandao ndani ya chumba hiki, zatosha. Mwalimu wa darasa azipe namba: ya kwanza 192.168.1.1 na ya pili 192.168.1.2. Katika ya pili aweke jina la mtumiaji mwanafunzi, na humo atengeneze folda iitwayo jaribio.

Sharti la kwanza: usijaribu kwa faili la kweli. Orodha ya wakulima ikae mahali pake. Tumia nakala, au mafaili ya mchezo. Mtu hajifunzi kuendesha baiskeli akiwa amebeba mayai ya jirani.

Tengeneza mafaili matatu. La kwanza liwe barua fupi. La pili liwe kubwa, kwa mfano picha ya sinema iliyopigwa kwa simu, yenye baiti kama 200,000,000. La tatu liwe barua yenye herufi kubwa katika jina lake, kama Orodha.txt.

Kabla ya kutuma lolote, chora jedwali katika daftari lenye safu tano: jina la faili, chombo kilichotumika, ukubwa kabla na baada, alama kabla na baada, na muda uliotumika. Andika ukubwa na alama za mafaili yote matatu. Mali bila daftari hupotea bila habari, na jaribio lisiloandikwa halitofautiani na ndoto.

Kisha tuma faili kubwa kwa scp. Amri ni hii, ikiwa faili laitwa sinema.mp4:

scp sinema.mp4 mwanafunzi@192.168.1.2:jaribio/

Waya wa kawaida wenye mwendo wa megabiti 100 huweza kupitisha baiti 12,500,000 kila sekunde, hata sinema hiyo itachukua sekunde 16 au zaidi kidogo. Linapofika, pima ukubwa na alama. Zikilingana, andika "zima".

Sasa tuma tena, lakini safari hii ukitishe kazi katikati. Kwanza lifute lile lililofika, ili lisikudanganye. Anza kutuma, na baada ya sekunde tano bonyeza vitufe vya Ctrl na C pamoja. Chombo kitasimama. Usichomoe waya tu, maana ukiurudisha upesi vipande hungojana na kazi huendelea kana kwamba hakuna lililotokea.

Nenda kwenye kompyuta ya pili utazame. Utakuta nini? Utakuta sinema.mp4 ipo. Jina ni lile lile. Pima ukubwa: ni pungufu. Hapa pana fundisho la siku ya leo. Asiyepima angesema faili limefika.

Amuru scp itume tena. Utaona kwamba yaanza mwanzo, tangu baiti ya kwanza. Chombo hiki huficha siri vizuri, lakini hakikumbuki kilipoishia. Andika hivyo katika daftari.

Rudia jaribio hilo hilo kwa rsync, kwa amri hii:

rsync -P sinema.mp4 mwanafunzi@192.168.1.2:jaribio/

Herufi P iliyo hapo ni kubwa, nayo yasema mambo mawili: nionyeshe kazi inavyokwenda, na ikikatika usitupe kilichokwisha kufika. Ikatishe katikati, kisha toa amri ile ile tena. Utaona haianzi mwanzo. Yalinganisha kilichopo, kisha yaleta kilichobaki. Mwisho yenyewe yahakikisha kwamba faili lililojengwa ni sawa na lile lililotoka.

Lakini msiipende hata mkasahau kasoro yake. Bila ile P, rsync huandika faili kwa jina la muda, na jina la kweli hulitoa kazi ikiisha. Ikikatika, kipande hutupwa. Ukitia P, kipande hicho huhifadhiwa, nacho huchukua jina la kweli. Kwa hiyo, baada ya kukatika, faili pungufu laweza kukaa pale likiwa na jina zima. Usilifungue wala usilitumie mpaka umerudia amri na kupima alama.

MITEGO MIWILI YA KUHAMA MFUMO

Mpaka hapa tulikuwa kati ya Linux na Linux. Lakini ofisi ya mjini huenda inatumia Windows. Mifumo miwili ikikutana, pana mitego miwili.

Mtego wa kwanza ni herufi kubwa na ndogo. Kwa Linux, Orodha.txt na orodha.txt ni mafaili mawili, kama vile Juma na Jumaa ni watu wawili. Kwa Windows, katika matumizi ya kawaida, hayo ni jina moja. Basi ukiwa na mafaili hayo mawili katika Linux, ukayapeleka yote katika folda moja ya Windows, la pili laweza kulifuta la kwanza. Ndiyo sababu nilisema faili la tatu la jaribio liwe na herufi kubwa. Lipeleke pamoja na lenzake lenye herufi ndogo, uhesabu yaliyofika. Dawa yake ni rahisi: darasa lenu likubaliane kuandika majina ya mafaili kwa herufi ndogo tu.

Mtego wa pili ni mwisho wa mstari. Katika faili la maandishi, kila mstari huwa na alama isiyoonekana inayosema, "Mstari umekwisha." Kwa desturi Windows huweka alama mbili, na Linux huweka moja. Mzee ftp ana njia mbili za kutuma. Njia ya maandishi huziondoa au huziongeza alama hizo ili kuufurahisha mfumo unaopokea. Njia nyingine haigusi kitu. Programu ya ftp iliyo ndani ya Windows huanza kwa njia ya maandishi, usipoiambia vingine.

Kwa orodha ya mistari 640 iliyotoka Windows kwenda Linux kwa njia ya maandishi, faili laweza kupungua baiti 640 kamili, alama moja kwa kila mstari. Jina hata moja halikupotea. Lakini alama ya dole gumba itakuwa tofauti. Na ukituma picha kwa njia hiyo, picha huharibika, kwa maana picha haina mistari. Chombo hufuta baiti za picha kwa kudhani ni alama za mwisho wa mstari. Dawa yake ni kuandika neno binary katika ftp kabla ya kutuma, nalo lamwambia mzee, "Peleka kama lilivyo, usiguse."

Angalia basi jinsi kipimo kinavyosema. Upungufu wa baiti 8,000 katika orodha ya mistari 640 wasema, "Nimekatwa." Upungufu wa baiti 640 kamili wasema, "Nimebadilishwa njiani, nihesabu mistari yangu." Mtu anayejua kusoma namba haongopewi na kioo cha kompyuta.

KATIKA KAZI YA KWELI

Mkimaliza jaribio, siku ya kazi ya kweli ifuateni kawaida hii, hatua baada ya hatua.

Moja. Kabla ya kutuma, andika katika daftari ukubwa wa faili, idadi ya mistari, na alama yake ya dole gumba.

Mbili. Tuma kwa chombo mlichokijaribu, si kwa kile mlichosikia kinasifiwa.

Tatu. Mpigie simu anayepokea. Usimwulize, "Limefika?" maana atasema ndiyo. Mwambie, "Nisomee ukubwa, na herufi nane za kwanza na nane za mwisho za alama." Wewe fuata katika daftari lako kwa kidole. Hizo zatosha kugundua kosa la njiani. Kwa jambo la fedha nyingi someni zote 64.

Nne. Usifute faili lako mpaka hayo yamelingana. Hata yakilingana, bakiza nakala moja. Ghala likiungua, mbegu iwe nyumbani.

Tano. Kama hayalingani, msilaumiane. Lituma tena, kisha mpime tena.

Huenda mtu akauliza, "Je, hii si kazi ya karani?" Ni kazi ya karani kufanya, lakini ni haki yako kuuliza. Siku ya mkutano simama useme, "Ndugu karani, orodha iliyotoka hapa ilikuwa na majina mangapi, na iliyofika ina mangapi?" Swali hilo moja laweza kumlinda Zuhura asirudi nyumbani mikono mitupu. Kuuliza si ujinga.

MANENO YA KUKUMBUKA

Baiti: kipimo cha ukubwa wa faili.
Mfumo endeshi: programu kuu inayosimamia kompyuta.
Amri: maneno unayoiandikia kompyuta ili itende jambo.
Alama ya dole gumba: tarakimu na herufi 64 zinazolitambulisha faili.
Nakala: faili la pili lililo sawa na la kwanza.

MASWALI YA DARASANI

1. Kwa nini jina la faili peke yake si ushahidi kwamba limefika zima?
2. Picha ina baiti 2,400,000. Mtandao wapitisha baiti 8,000 kila sekunde. Itachukua dakika ngapi?
3. Mtandao wa kwenu hukatika mara kwa mara. Kati ya scp na rsync, utachagua kipi, na kwa sababu gani?
4. Orodha ya mistari 300 ilitoka Windows na baiti 15,300, ikafika Linux na baiti 15,000. Wadhani nini kimetokea? Utahakikishaje?
5. Jadilianeni: ni orodha zipi za kijiji hiki ambazo upungufu wa jina moja ungemdhuru mtu?

Majibu ya hesabu: swali la 2 ni dakika 5. Katika swali la 4 upungufu ni 300, sawa na idadi ya mistari, hivyo yaelekea ni alama za mwisho wa mstari. Hesabu mistari, ikiwa 300, tuma tena kwa njia isiyogusa kitu, kisha linganisha alama. Maswali mengine jibuni kwa maneno yenu wenyewe.

Ndugu wanafunzi, muda wetu umekwisha. Zimeni redio, lakini msitawanyike kabla hamjachora lile jedwali la safu tano katika madaftari yenu. Nawatakia kazi njema. Kwaherini.